Marafiki mlangoni mwa Bunge: je, kutetea amani serikalini ni siasa?

Swali: Mwalimu, mimi ni karani wa mkutano mmoja wa Kanisa la Marafiki huku Vihiga. Vijana wetu wamesoma kwamba Marafiki wa Marekani, hawa wanaoitwa Waquaker, wana ofisi karibu na Bunge la nchi yao ambayo kazi yake ni kuwashawishi wabunge kuhusu vita na haki. Wazee wanasema hiyo ni siasa na haifai kanisa; vijana wanataka tufanye vivyo hivyo. Kazi hiyo hufanywaje hasa, nani aliwapa ruhusa ya kuwasemea wenzao, na je, imewahi kubadilisha chochote?

Jibu: Ndugu karani, hoja ya wazee wako ndiyo nzito kuliko zote ulizoleta, kwa hiyo nitaanza nayo. Wana sababu ya kuogopa. Muumini yeyote wa Kenya amewahi kumwona mwanasiasa akipewa kipaza sauti baada ya mahubiri, akatoa bahasha ya ujenzi wa kanisa, kisha akaanza kuwashambulia wapinzani wake mbele ya madhabahu. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alifikia hatua ya kurudisha mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ameutoa katika kanisa moja la Soweto. Ikiwa hiyo ndiyo siasa ambayo wazee wanaikataa, Marafiki wa Washington wanaikataa pia, tena kwa kanuni: shirika lao halimuungi mkono mgombea yeyote na halichangii kampeni ya mtu. Wanachofanya ni kuiambia serikali, bila kuchoka, pale wanapoona sheria zake zinaua au zinadhulumu. Na jambo hilo halikuanza Marekani wala halikuanza juzi.

Tamko ambalo Marafiki wote duniani hulitaja kuwa chimbuko la ushuhuda wa amani, yaani msimamo wao wa kukataa vita, liliandikwa Januari 1661, na lilikuwa barua kwa serikali. Kundi dogo la waasi lilikuwa limeshika silaha mjini London, na ingawa Marafiki hawakuhusika, maelfu yao walikamatwa na kutiwa gerezani. George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, na wenzake wakamwandikia Mfalme Charles II kwamba wanakataa vita vyote na mapigano yote ya silaha za kimwili, kwa lengo lolote na kwa kisingizio chochote. Margaret Fell alikuwa ameshampelekea mfalme huyohuyo waraka wa aina hiyo mwaka 1660. Kwa hiyo anayesema kuwa ushuhuda wa amani ni wa ndani ya kanisa peke yake anasahau kwamba ulipoandikwa ulielekezwa kwa mtawala na ulidai watu watolewe gerezani.

Baada ya hapo kazi ikawa ya utaratibu. Miaka ya 1670 Marafiki wa London waliunda kikao cha kudumu walichokiita Mkutano wa Mateso. Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa kutoka mikoani: fulani alitozwa faini kiasi gani kwa kukosa ibada ya kanisa la serikali, nani alinyang'anywa ng'ombe, nani alikufa gerezani, na ni hakimu gani aliyeamuru. Taarifa hizo ziliandikwa vitabuni na kupelekwa kwa wabunge mmoja mmoja. Mwaka 1696 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowaruhusu Marafiki kuthibitisha ukweli wa maneno yao badala ya kuapa, maana kukataa kuapa kulikuwa kumewafunga wengi. Ningependa vijana wako wakitazame kikao kile kwa makini kuliko wanavyoitazama ofisi ya Washington, kwa sababu nguvu yake ilikuwa ushahidi uliokusanywa na watu wa kawaida vijijini, na kila ombi lilikuja na majina na tarehe.

Utumwa uliwapa kazi ndefu zaidi. Mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika malalamiko dhidi ya utumwa, yakapelekwa kutoka mkutano wa mwezi, yaani wa Marafiki wa mahali pamoja, hadi wa robo mwaka hadi wa mwaka, na kila ngazi ikayaona mazito mno kuyaamua. Ilichukua hadi 1776 kwa Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia kuwakataza waumini wake kabisa kumiliki watumwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1783, Marafiki wa Uingereza walipeleka bungeni ombi dhidi ya biashara ya watumwa, na kamati iliyoundwa London mwaka 1787 kuipinga ilikuwa na wajumbe 12, tisa kati yao wakiwa Marafiki. Hawakuwa na mbunge hata mmoja, kwa kuwa kiapo kiliwazuia kukalia viti vya Bunge. Rafiki wa kwanza kuruhusiwa kukaa humo kwa kuthibitisha tu, Joseph Pease, aliingia mwaka 1833. Ndiyo maana walimtegemea mbunge wa kanisa jingine, William Wilberforce, awe sauti yao hadi sheria ya 1807 ilipopiga marufuku biashara hiyo. Zingatia mfuatano huo: walianza kwa kujisafisha wenyewe, kwa karibu karne nzima, kabla ya kuitaka serikali ijisafishe.

Sasa kuhusu ofisi ya Washington. Inaitwa Friends Committee on National Legislation, yaani Kamati ya Marafiki kuhusu Sheria za Taifa, na hufupishwa FCNL. Ilianzishwa Juni 1943 katika mkutano uliofanyika Richmond, Indiana, na katibu wake wa kwanza alikuwa E. Raymond Wilson. Mwaka huo unajieleza. Marekani ilikuwa vitani, vijana walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima, na Marafiki walikuwa wameshajifunza kwamba maneno machache ya sheria yanaweza kuamua kama kijana atakwenda gerezani au la. Sheria ya 1917 ilikuwa imewaruhusu kutobeba silaha wale tu waliokuwa washiriki wa madhehebu yanayojulikana kwa kupinga vita. Ilipoandikwa sheria mpya ya 1940, Marafiki na wenzao wa makanisa ya amani walikwenda kwa wabunge na kufanikiwa kuyapanua maneno hayo, yakawa yanamhusu mtu yeyote anayekataa vita kwa sababu ya mafunzo na imani yake ya dini. Kwa badiliko hilo Mmethodisti au Mkatoliki mwenye dhamiri hiyo alipata ulinzi uleule. Ushindi wa namna hii hauonekani magazetini, lakini ndio unaofanana zaidi na kazi yao ya kila siku.

Mtu akiingia leo kwenye jengo la ofisi za wabunge pamoja na kundi la Marafiki, hatakuta maandamano. Watu wanne au watano wameketi katika chumba kidogo, mara nyingi pamoja na msaidizi wa mbunge, kijana anayeshughulikia masuala mengi kwa wakati mmoja, na wamepewa takriban nusu saa. Kabla ya kuingia wamenyamaza pamoja kwa muda mfupi na wamegawana kazi. Mmoja anaanza kwa kumshukuru mbunge kwa jambo alilolifanya, hata kama ni mbunge wanayetofautiana naye kwa mengi, na shukrani hiyo lazima iwe ya kweli. Mwingine anasimulia kwa dakika mbili jambo lililompata yeye au jirani yake katika jimbo hilohilo. Wa tatu anatoa ombi moja lenye jina na namba ya mswada: je, mbunge atakubali kuwa miongoni mwa wanaouunga mkono? Wa nne anaandika jibu neno kwa neno. Wakitoka wanaacha karatasi ya ukurasa mmoja, wanatuma shukrani siku hiyohiyo, na baada ya wiki chache wanarudi kuuliza tena. FCNL ina makundi ya kujitolea ya namna hii katika majimbo mengi, na wajumbe wake si lazima wawe Marafiki. Mbunge hushtushwa zaidi na mwalimu mstaafu wa mji wake mwenyewe kuliko na mtaalamu anayelipwa mshahara mjini Washington.

Nani aliwaruhusu? Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati yao na mashirika mengine ya ushawishi. Kila baada ya miaka miwili, kufuatana na mwanzo wa Bunge jipya, FCNL huiandikia mikutano na makanisa ya Marafiki nchini kote na kuyaomba yakae, yatafakari, na yaseme mambo gani yapewe kipaumbele. Majibu hukusanywa, huandikwa upya, kisha hupelekwa katika mkutano wa mwaka wa Novemba mbele ya wajumbe walioteuliwa na Mikutano ya Mwaka. Wewe ni karani, kwa hiyo utaratibu wa hapo unaujua: kura hazipigwi, karani, anayeongoza kikao, husikiliza hadi aone wote wamefikia nia moja, na pale isipofikiwa jambo huahirishwa. Hata baada ya hayo, shirika hilo hutamka wazi kwamba hakuna chombo chochote kinachoweza kuwasemea Marafiki wote. Na kuna jambo moja ambalo mashirika mengi yangeona ni udhaifu: kuhusu utoaji mimba, suala lililoigawa Marekani kuliko karibu jingine lolote, FCNL kwa muda mrefu haikuwa na msimamo wala haikufanya kazi upande wowote, kwa sababu Marafiki wenyewe hawakuwa wamepata nia moja. Uwezo huo wa kunyamaza ndio unaoyapa uzito yale wanayoyasema.

Sheria ya kodi nayo inawabana. Kwa kuwa FCNL hushawishi wabunge moja kwa moja, anayeichangia hapati nafuu ya kodi kwa mchango wake. Wameunda mfuko wa elimu ulio tofauti kwa ajili ya utafiti na mafunzo.

Kuhusu matokeo, nitakupa mfano mmoja kwa kirefu. Oktoba 2002 Bunge la Marekani lilimpa Rais George W. Bush idhini ya kutumia jeshi dhidi ya Iraq. Marafiki walipinga na wakashindwa, na vita vilianza Machi 2003. Wengi wangehamia jambo jingine. Wao waliendelea kuwaambia wabunge kwamba idhini ile, hata baada ya serikali ya Saddam Hussein kuanguka, ilibaki kuwa hundi iliyosainiwa ambayo rais yeyote angeweza kujaza kiasi anachotaka. Juni 2021 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuifuta, 268 kwa 161. Machi 2023 Seneti ilipiga kura yake, 66 kwa 30, lakini safari hii Baraza halikumalizia kazi. Hatimaye ilifutwa Desemba 2025, tena ndani ya sheria kubwa ya kila mwaka ya kuidhinisha matumizi ya fedha za jeshi, matumizi yaleyale ambayo Marafiki wameyapinga kwa miongo. Sijui kama ipo kejeli kubwa kuliko hiyo katika kazi hii. Na ile idhini nyingine pana zaidi, ya Septemba 2001, ambayo Barbara Lee wa California peke yake ndiye aliyeipinga katika Baraza lote, bado ipo. Nisingesema kwamba FCNL ndiyo iliyofuta idhini ya Iraq. Palikuwa na wabunge wa vyama vyote viwili na mashirika mengi, wakiwemo maveterani. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20 kila msaidizi mpya wa mbunge alikuta mtu wa kumweleza jambo hilo tangu mwanzo.

Mfano wa pili unatugusa huku. Januari 2019 ilitiwa saini sheria yenye jina la Elie Wiesel, inayoitaka serikali ya Marekani iwe na mpango wa kuzuia mauaji ya halaiki kabla hayajatokea na iwafundishe wanadiplomasia wake kutambua dalili mapema. FCNL ilikuwa kiungo cha mashirika yaliyoipigania. Marafiki wa Rwanda na Burundi wameishi yale ambayo sheria hiyo inataka kuyazuia, na machafuko ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalionyesha jinsi wiki chache za uzembe zinavyoweza kugharimu maisha. Lakini sheria haijitekelezi yenyewe. USAID, mojawapo ya taasisi zilizotarajiwa kuitekeleza, ilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na kazi nyingi za kujenga amani katika eneo letu zilikatika nayo. Vijana wanaotaka kujua kama ushawishi huleta mabadiliko wanapaswa kuambiwa pia kwamba mabadiliko hayo yanaweza kung'olewa na serikali inayofuata.

Nje ya Washington ipo Ofisi ya Marafiki katika Umoja wa Mataifa, New York na Geneva. Inafanya kazi kimya zaidi, kwa kuwakaribisha wanadiplomasia wazungumze bila kunukuliwa. Ile ya Geneva ilisukuma kwa miaka haki ya kukataa jeshi kwa sababu ya dhamiri, ambayo Tume ya Haki za Binadamu iliitambua mwaka 1989, na ilikuwa miongoni mwa walioanzisha muungano wa kupinga matumizi ya watoto vitani, kabla ya itifaki ya mwaka 2000 iliyoweka umri wa miaka 18 kwa wanaopelekwa mapiganoni. Kwa jirani wa Uganda ya kaskazini au wa Kivu sihitaji kueleza maana yake.

Mapungufu yapo, na wazee wako wana haki ya kuyasikia. Marekani imewahi kuwa na marais wawili wenye asili ya Kirafiki, Herbert Hoover na Richard Nixon, na huyu wa pili ndiye aliyeamuru mabomu yaangushwe Kambodia. Basi kumpata mtu wenu ikulu si dhamana ya chochote. Baya zaidi ni shule. Kuanzia 1869 Rais Ulysses Grant aliyakabidhi makanisa usimamizi wa maeneo ya Wenyeji wa Marekani, na Marafiki, kwa nia wanayoiita njema, waliendesha shule ambamo watoto walinyang'anywa lugha na desturi za kwao. Leo FCNL inatetea mswada wa kuunda tume ya ukweli na uponyaji kuhusu shule za aina hiyo. Ulipita Seneti Desemba 2024, lakini muda wa Bunge lile ukaisha kabla haujawa sheria. Shirika la dini linaloitaka serikali ichunguze uovu ambao dini yenyewe iliusimamia lina wajibu wa kufungua makabati yake kwanza, na Mikutano kadhaa ya Marafiki imeanza kufanya hivyo.

Nirudi Vihiga. Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, tangu wamisionari watatu walipofika Kaimosi mwaka 1902. Pia mna uzoefu ambao Washington haina: Januari 2008, huku moto ukiwaka, Marafiki walikutana Kakamega kwa mkutano wa amani, na timu za amani zilizotokana na juhudi hizo zikafanya kazi ya misaada, ya kuponya majeraha ya moyo na ya kupatanisha majirani, Mlima Elgon ukiwemo. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni daraja kati ya kazi hiyo ya vijijini na meza zinazoandika sheria. Tumezoea kuzima moto, tukimwachia mwingine kuuliza nani aliuza kiberiti.

Njia za kisheria mnazo tayari. Ibara ya 119 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na Ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe wananchi katika kutunga sheria. Kwa mambo ya kaunti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinatoa haki hiyohiyo mbele ya bunge la kaunti. Hamhitaji ofisi wala mshahara wa mtu ili kuanza. Mnahitaji jambo moja ambalo mnalijua kwa macho yenu. Uchaguzi mkuu unaofuata ni Agosti 2027, na kila mtu katika mtaa wenu anajua jinsi vijana wanavyolipwa kuvuruga mikutano ya wapinzani. Andikeni kama Mkutano wa Mateso ulivyoandika: siku gani, soko gani, vijana wangapi, waliahidiwa nini, polisi walifanya nini walipoarifiwa. Majina ya vijana wenyewe yafichwe, maana wengi wao ni watoto wa makanisa yetu.

Kikwazo kikubwa nakiona ndani ya kanisa. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki ulioanza 1946 umegawanyika mara nyingi tangu miaka ya 1970, na si kila mgawanyiko ulitokana na mambo ya imani. Mbunge akipokea barua tatu za Marafiki zinazopingana ataziweka zote kando. Kwa hiyo pelekeni jambo hilo kwanza katika mkutano wa mwezi, kisha wa robo mwaka, na mkutano wa jirani ukisema haujawa tayari, msiutaje katika ombi lenu. Na kabla ya kutia saini, kubalianeni kwa maandishi kwamba hadi kura zitakapohesabiwa hakuna mgombea atakayepewa kipaza sauti wala atakayepokelewa bahasha katika makanisa yaliyosaini. Naamini wazee watalikubali hilo haraka kuliko vijana. Ombi likiwa tayari, karani atie saini muhtasari wa kikao, nao vijana ndio walipeleke kwa karani wa bunge la kaunti pale Mbale na warudi na nakala iliyopigwa mhuri.